Sikukuu inakuja: kabla hujabonyeza mkopo wa simu kununua zawadi, soma hapa

Wiki hii kuna dada mmoja mwenye genge hapa Lushoto mjini kaniuliza swali ambalo naona ni la wengi, kwa hiyo nalijibia hapa. Anasema ana watoto watatu, mama yake yuko kijijini upande wa Mlalo, na wakwe wanakuja kula Krismasi kwake. Anataka kama laki moja ya nguo na zawadi. Simu yake inamruhusu kukopa kiasi hicho. Sasa anauliza, achukue mkopo wa simu au achomoe kwenye mzunguko wa genge?

Jibu fupi ni kwamba njia zote mbili ni deni. Tofauti ni nani anakudai tu. Tuanze na hilo la simu.

Wenzetu Marekani na Ulaya sikukuu wanaikopea kwa kadi. Mtu ana kadi ya benki, ananunua zawadi zote Desemba, bili inakuja Januari. Akilipa yote, sawa. Asipolipa yote, benki inamruhusu alipe kidogo na kinachobaki kinapigwa riba. Riba ya kadi Marekani miaka hii imekuwa ikizidi asilimia 20 kwa mwaka, na wao wenyewe wanalia kwamba ni kubwa mno. Wapo wanaolipa zawadi za Krismasi mpaka inafika Krismasi nyingine.

Sisi wengi wetu hatuna hizo kadi. Kadi yetu ni simu. Majirani zetu Kenya walianza na M-Shwari Novemba 2012, sisi tukaja na M-Pawa mwaka 2014, na baada ya hapo zikaja hizi Songesha, Nivushe, Timiza na nyinginezo. Ada zake zinatofautiana na zinabadilika, kwa hiyo usiniulize ya kila mtandao, soma ya kwako kabla hujakubali. Ila chukua ile ya M-Shwari ilivyoanza iwe mfano wetu wa hesabu: asilimia 7.5 kwa siku 30.

Ukisikia 7.5 unaona ndogo kuliko 20, si ndiyo? Hapo ndipo watu wengi wanapopigwa. Ile 20 ni ya mwaka mzima. Hii 7.5 ni ya mwezi mmoja. Laki moja ukikaa nayo mwezi kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, inakugharimu kama shilingi 1,700. Kwa asilimia 7.5 kwa mwezi inakugharimu 7,500. Ukiichukua, ukailipa, ukaichukua tena, kila mwezi mpaka mwaka uishe, umelipa 90,000 juu ya laki moja. Kwa hiyo Mmarekani anayelia na kadi yake, sisi tumemzidi mara nne na tunaona kawaida kwa sababu ujumbe umekuja umeandikwa vizuri "Hongera, unaweza kukopa".

Sasa tuiweke kwenye lugha ya duka. Mimi kilo moja ya sukari nikiuza rejareja inaniachia kama shilingi 200. Ile ada ya 7,500 ni faida ya kilo 37 na nusu. Yaani robo tatu ya mfuko wa kilo 50, nimepima, nimefunga, nimesimama nyuma ya kaunta, kwa ajili ya kulipa ada peke yake. Na ile laki yenyewe? Nguo hazizalishi, kwa hiyo inarudi kutoka kwenye faida ya duka. Laki moja na 7,500 gawanya kwa 200, ni kilo 537. Karibu mifuko kumi na moja ya sukari. Jiulize duka lako linamaliza mifuko kumi na moja kwa muda gani, halafu kumbuka mkopo umeandikwa siku 30.

Wewe mwenye genge, fanya hivyo hivyo kwa fungu la nyanya. Mwenye saluni, kwa kichwa kimoja. Deni lako ukilipima kwa kazi badala ya shilingi, mkono unakuwa mzito wenyewe kubonyeza.

Kuna kitu kingine kwenye hizi huduma za kukamilisha muamala pale salio linapopungua. Zinajilipa zenyewe hela ikiingia. Kwa mfanyakazi wa mshahara si mbaya sana. Kwa sisi ni hatari, maana mteja akikutumia elfu ishirini ya mafuta ya kula, ile si hela yako yote, humo ndani elfu kumi na nane ni ya kwenda kununua mafuta mengine. Mtandao haujui hilo. Unakata. Unaamka asubuhi unataka kwenda duka la jumla, hela ya mzigo imeshalipa gauni la mtoto. Ndiyo maana nasema kila siku kwenye ukurasa huu, hela ya biashara ipokelee kwenye lipa namba au laini ya pembeni, isiingie kwenye laini unayokopea.

Na hapo sijagusa kausha damu. Hawa sokoni kwetu wanaongezeka kuanzia Novemba kama uyoga wakati wa mvua, wanapita genge kwa genge. Mkataba wa aina ninayoiona mara kwa mara ni huu: laki moja, rejesho 6,500 kila siku kwa siku 20. Inasikika rahisi, 6,500 kwa siku nani hana? Lakini jumla ni 130,000, na mara nyingi kuna elfu tano ya fomu inakatwa hapo hapo, kwa hiyo mkononi umeshika 95,000. Umelipia 35,000. Na usisahau hukukaa na hiyo hela siku 20. Siku ya kumi umesharudisha 65,000, lakini bei unayolipa ni kama ulikaa nayo yote mpaka mwisho.

Sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawagawa watoa huduma kwa madaraja manne: benki zenye kupokea amana daraja la kwanza, wakopeshaji wasiopokea amana daraja la pili, SACCOS la tatu, na vikundi vyetu vya VICOBA na hisa daraja la nne. Mkopeshaji wa daraja la pili lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na riba aliyowekewa kikomo na BoT ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja ni 3,500 kwa mwezi mzima. Linganisha na ile 30,000 ya siku ishirini halafu niambie kwa nini anakwambia tusiandikishiane sana. Ukikutana na mtu anataka kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri iwe dhamana, ondoka, usibishane naye.

Za kwenye simu za kupakua nazo zilivuka mipaka. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni na ikazifungia. Ni zile zinazotaka ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yako, ukichelewa siku moja wanamtumia ujumbe mchungaji, shehe, mwalimu wa mtoto, na mteja wako aliyekuagiza gunia la viazi jana. Kwa mfanyabiashara hiyo aibu ni hasara kabisa, maana mali kauli unapewa kwa jina lako. Programu ikiomba majina ya watu kabla hata haijakwambia riba, ifute.

Sasa tuje kwenye kuchomoa mzunguko, kwa sababu najua wapo waliosoma mpaka hapa wakasema mimi sikopi, mimi nachukua kwenye duka langu. Haya.

Tuseme umechomoa 60,000 tarehe 1 Desemba. Hiyo 60,000 ingekaa kwenye soda, mafuta na mchele. Desemba vitu hivyo vinazunguka haraka, mzigo wa wiki unaisha ndani ya wiki. Kama kila mzunguko unakuachia asilimia 8, ni 4,800 kwa wiki, wiki nne 19,200. Hiyo ndiyo riba uliyojitoza mwenyewe, na ni kubwa kuliko ya simu! Watu hawaioni kwa sababu hakuna ujumbe unaokuja kudai. Inakuja kuonekana Januari rafu zikiwa na matundu na mteja anaanza kuzoea duka la jirani. Mtaji ukitolewa mwezi wa Juni kwenye ukungu na baridi wakati hata wateja hawatoki, unauma kidogo. Ukitolewa Desemba unauma sana. Huu ndio mwezi ambao wageni wanapanda kutoka Dar na Tanga, kila gari linaloshuka abiria linashusha wateja.

Basi hela ya zawadi inatoka wapi? Inatoka kwenye mshahara wako. Kama hujilipi mshahara dukani, hata kiasi kidogo cha wiki, basi huna hela ya zawadi, una hela ya duka tu, na kila zawadi utakayotoa itakuwa wizi wa kujiibia. Mimi najilipa kila Jumamosi, natoa kwenye droo naandika kama vile nalipa kijana wa kazi. Humo ndimo kuna kibubu cha sikukuu. Cha mbao, cha kupasua, si cha kufungua na ufunguo. Kwenye simu sikiweki kwa sababu simu naishika mara mia kwa siku.

Kabla ya kujaza kibubu andika majina. Si vitu, majina. Ukianza na vitu unaishia kununua vizuri vilivyoning'inia. Ukianza na majina unajua ni watu saba au kumi na saba. Kisha weka kiasi mbele ya kila jina, jumlisha, na jumla ikizidi kibubu punguza kiasi, jina usilifute, maana mtu aliyesahaulika ananuna zaidi ya aliyepewa kidogo. Kwetu mzazi akiletewa kilo mbili za sukari na mche wa sabuni na mwanae kaja mwenyewe kusalimia, ameridhika. Anayekudai kitenge cha gharama mara nyingi si mzazi, ni shangazi wa pembeni anayesema "wewe si una duka".

Hilo la "una duka" ndilo linatumaliza. Watu wanaona rafu imejaa wanadhani ni utajiri, hawajui nusu ya kile kilichojaa ni mali kauli ya mtu. Usijieleze sana, utaonekana mchoyo. Mimi nafunga mafurushi mapema: sukari, mchele, sabuni, mafuta ya nusu lita. Nayahesabu kwa bei niliyonunulia mimi, kila furushi halifiki 15,000, nayalipia kwenye droo kutoka kwenye kibubu, naandika. Kulipia ndiyo siri. Ukitoa bila kulipia, ikifika tarehe 2 Januari hujui kama duka limepata faida au limekula zawadi. Mgeni akija namkabidhi furushi lake kwa mikono miwili, mazungumzo ya una duka yanaishia hapo.

Nguo za watoto ndizo zinasukuma wengi kwenye mkopo, na ninawaelewa, hakuna anayetaka mwanae aende kanisani au aende kuzurura sikukuu na nguo ya zamani wakati wenzake wanang'aa. Mambo mawili. La kwanza, fundi cherehani wa Novemba na fundi wa tarehe 20 Desemba si mtu mmoja hata kama jina ni lile lile. Novemba anakubembeleza, Desemba unambembeleza wewe. Mitumba vile vile, nenda gulioni sasa hivi kabla wageni hawajafika.

La pili, Januari ipo. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na kuanzia 2022 mpaka kidato cha sita. Lakini sare, viatu, madaftari, begi, hivyo bado ni mfukoni mwako. Mwenye mtoto aliyemaliza la saba anajua, majina ya kidato cha kwanza yakitoka Desemba mbio zinaanza, na kama ni bweni kuna godoro na tranka. Kwa hiyo viatu vya sikukuu viwe vyeusi vya kamba. Begi jipya liwe ndiyo zawadi. Mtoto wa miaka saba ukimpa begi lenye picha Krismasi analala nalo, hajali kwamba ulikuwa unalinunua tu.

Na kwa miaka hii kuna jambo la ziada ambalo sisi wa Lushoto, tunaokula pilau la pande zote mbili, lazima tuliangalie kwenye kalenda. Idd inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2026 Ramadhani inaangukia kuanzia katikati ya Februari na Idd yenyewe ni Machi. Ina maana Krismasi, shule, mfungo na Idd vimepangana foleni ndani ya miezi mitatu hivi. Aliyekopa Desemba akategemea kupumua kabla ya Idd, hana pa kupumulia. Na mwenye duka anahitaji mtaji wa tende, sukari na unga wa ngano ifikapo Februari.

Sasa upande wa pili wa kaunta. Mteja naye anataka sikukuu, na benki yake ni wewe. "Niandikie, nitalipa mwezi wa kwanza." Kama wewe umekopa kwa 7.5 halafu unamwandikia mteja bila riba, umeunganisha hasara mbili. Sisemi usikopeshe kabisa, duka la kijijini lisilokopesha halina wateja. Mimi naweka kikomo cha daftari zima, si cha mtu mmoja: madeni yote yakifika kiasi fulani daftari limefungwa mpaka mtu alipe, hata awe mjumbe wa nyumba kumi. Halafu nauliza hela yako inaingia lini na kutoka wapi. Mwalimu ana tarehe. Bodaboda ana kila siku. Mkulima wa kabichi au karoti hana tarehe, ana soko. Bei ikianguka Dar, au mvua ikileta maporomoko barabara ya Mombo na Soni na fuso likalala njiani na mzigo, ahadi yake inakufa na wala si kwamba ni mwongo. Huyo namwandikia kidogo, na simpigii kelele.

Kinachonisaidia zaidi ni kudunduliza. Kuanzia Septemba mteja anachagua furushi lake, tunaandika vitu na bei kwenye kaunta buku, yeye ana kikadi chake. Analeta 500, 1,000, 2,000 siku akiwa nayo, tunasaini wote wawili. Tarehe 20 Desemba anachukua mzigo wake wote umelipiwa. Kina mama wanaipenda sana kwa sababu hela ikikaa nyumbani ina wenyewe wengi. Ila ujue masharti yake. Ile hela si yako mpaka mzigo utoke, kwa hiyo inunulie ule mchele na sukari mapema uweke pembeni na jina la mteja, usiizungushe kwenye vocha. Na usikubali mtu akuwekee tu hela bila kitu alichochagua ili aje achukue taslimu. Hapo umegeuka benki na leseni huna.

Wenye vikundi, Desemba ndiyo mwezi wa kuvunja na kugawana hisa. Hela inashuka kwa mkupuo, siku hiyo hiyo nusu imeisha. Kabla ya siku ya mgao andika inakwenda wapi, na mstari wa kwanza uwe mali kauli ya watu. Kwenye upatu, usigombanie zamu ya Desemba, kila mtu anaitaka na kijumbe anapata presha. Omba ya Novemba, unanunua kila kitu kabla bei hazijapanda.

Kama baada ya yote bado lazima ukope, basi kopea mzigo utakaoisha kabla ya tarehe 25, soda, ngano, mafuta, viungo vya pilau, na faida yake ndiyo inunue zawadi. Usikopee maputo na maua ya plastiki, hayo tarehe 26 hakuna anayeyataka. Uliza jumla ya marejesho kwa shilingi, si kwa asilimia. Angalia tarehe ya kulipa isigongane na wiki ya kufungua shule. Na usichukue wa pili kulipa wa kwanza.

Turudi kwa dada wa genge. Nimemwambia asichukue simu wala asichomoe mzunguko. Leo ni tarehe 15 Novemba. Ile rejesho ya 6,500 ambayo kausha damu alimwambia ni ndogo, nimemwomba aigawe nusu kasoro, ajilipe yeye 3,000 kila jioni akifunga genge, kwenye kibubu. Mpaka tarehe 20 Desemba ni siku 35, hiyo ni 105,000. Siku mvua ikinyesha asiuze, alipe 1,000, kesho yake afidie akiweza. Mama yake wa Mlalo anapata furushi, watoto wanapata viatu vyeusi, wakwe wanapikiwa. Ameanza leo jioni.

Mwenye swali la mali kauli aniandikie, wiki ijayo nataka tuzungumzie namna ya kuomba mzigo duka la jumla bila kuweka jina lako rehani.